Kukosa Hewa Huku Unahema

Mashine ya kusaga ilikuwa imekatika mkanda, kwa hiyo siku hiyo pale Muheza muhogo tuliukuna kwa mkono, kwenye bati lililotobolewa kwa misumari na kugongomelewa ubaoni. Beseni lilishajaa machicha meupe na vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuchunika. Mtoto wa jirani akapita, akaokota kipande kilichomenywa, akakipeleka mdomoni. Mama mkwe hakusema neno. Alimpiga kofi la mkono, kipande kikarukia huko, ndipo akazungumza.

"Huu mchungu huu! Nenda kwenu kautafune ule mtamu."

Mtoto akatoka mbio. Mama akarudi kwenye bati lake, na bila kuniangalia akasema: "Muhogo huu, mwanangu, ukiubugia mbichi unakufa huku unahema. Kifua kinapanda, kinashuka, na mtu ndiyo anakwenda hivyo."

"Eeh, mama," nikajibu, nikachukua muhogo mwingine.

Kazi ikaisha, tukakamua, tukaanika, nikarudi zangu Tanga mjini. Ile kauli haikubaki Muheza. Nilipanda nayo daladala, nilichambua nayo mchele, nililala nayo.

Unakufa huku unahema.

Tunajua mtu kufa maji. Tunajua kupaliwa, tunajua pumu inavyombana mtu usiku wa manane. Kote huko hewa imezuiwa isiingie. Lakini huyu ambaye hewa inaingia na kutoka, mapafu hayana kasoro na damu inazunguka, anakosa nini?

## Kidole kinasema salama

Tangu kipindi cha korona, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kimekuwa kifaa cha nyumbani. 98, tunamshukuru Mungu. 85, itafutwe gari haraka. Kinapitisha mwanga kidoleni na kusoma rangi ya damu, basi. Kinachokuambia ni kama himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, imepakia oksijeni.

Sumu ya muhogo mchungu ni sianidi, na mtu aliyepatwa na sianidi anaweza kuwa na 98 yake kidoleni huku anakata roho. Ipo dalili moja ambayo madaktari huitafuta. Damu inayorudi moyoni kwa kawaida huwa na wekundu mzito, kwa kuwa imeshagawa oksijeni njiani. Kwa mgonjwa huyu hurudi ikiwa nyekundu ya kung'aa. Imekwenda na mzigo, imerudi na mzigo. Seli hazikupokea.

Hapo swali langu likahama kutoka mapafuni. Sasa nilitaka kujua oksijeni ikishafika kwenye seli inafanya kazi gani hasa, hata isipopokelewa mtu anaondoka ndani ya dakika chache, tena akiwa ameshiba.

Ameshiba! Hilo nalo lilinisumbua. Chakula tumboni kipo. Sukari kwenye damu ipo. Mafuta mwilini yapo ya kumvusha wiki kadhaa. Nishati yote anayo na hana hata chembe ya kuusukuma moyo.

## Maji sita yaliyofutwa

Ule mlinganyo wa sekondari kila mtu anaukumbuka, tuliuimba: glukosi jumlisha oksijeni, unapata hewa ukaa, maji na nishati. Na kwa jinsi ulivyoandikwa, jicho linasoma hadithi moja tu. Oksijeni imeingia, imeishika kaboni ya chakula, imeiunguza, imetoka nayo ikiwa hewa ukaa.

Hadithi hiyo ina ukoo mkubwa. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake na hewa ukaa aliyoitoa, kisha wakapima na mkaa unaoungua. Hesabu zilikaribiana. Lavoisier akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua, ila kwa taratibu, na akadhani moto huo uko mapafuni. Kwa mtu wa zama zile, ambaye seli kama tunavyoielewa ilikuwa bado haijajulikana, lilikuwa jambo la kutisha kulipatia kwa kiasi hicho. Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa tarehe 8 Mei 1794.

Tatizo ni hili. Gramu 180 za glukosi zikiungua hutoa karibu kilokalori 686. Seli ingeziachia zitoke kwa mkupuo, ingejipika yenyewe, na hakuna hata robo ambayo ingenaswa kufanya kazi yoyote. Kuungua moja kwa moja kunatoa joto, na joto peke yake halikunji msuli.

Kilichonigeuza kabisa ni jaribio la 1949. Nathan Lifson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwavutisha panya oksijeni nzito, yenye atomi za uzito wa 18 badala ya 16 zilizozoeleka, ili waweze kuifuata mwilini na kuona inakoishia. Oksijeni ile ilikwenda kwenye maji ya mwili. Na oksijeni iliyokuwamo kwenye hewa ukaa ya panya wale ililingana na ya maji ya mwili, si na ile ya hewa waliyoivuta.

Oksijeni unayoivuta sasa hivi haitoki moja kwa moja ikiwa hewa ukaa. Inageuka maji.

Nilisimama hapo siku kadhaa, nikarudi kwenye mlinganyo na kalamu. Ukiuandika kwa ukamilifu wake, upande wa kushoto kuna molekuli 6 za maji, na upande wa kulia yapo 12. Shuleni tunafuta 6 huku na 6 huku ili upendeze. Lakini zile atomi 12 za oksijeni ya hewani zote zinaishia kwenye yale maji 12. Hewa ukaa yenyewe inapata nusu ya oksijeni yake kutoka kwenye sukari na nusu kutoka kwenye maji. Kufuta maji 6 ni hesabu sahihi kabisa, na ndiko kunakoficha kilichotokea.

Kwa hiyo kaboni na oksijeni ya pumzi hazikutani. Kaboni inatupwa nje mapema, kwenye ule mzunguko wa kuvunja chakula ndani ya seli ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield (jarida la Nature lilimrudishia makala, akaichapisha kwingine, na mwaka 1953 akapewa Nobeli, wanaotuma kazi zao na kukataliwa mnalo la kujifariji). Kinachosafiri kwenda kwa oksijeni ni elektroni zilizovuliwa kutoka kwenye chakula. Oksijeni inazisubiri mwisho wa njia.

## Tikisa, inapotea

Aliyeiona njia hiyo kwa macho alikuwa anatafuta kitu kingine. David Keilin wa Cambridge alikuwa mtaalamu wa vimelea. Alikuwa akimfuatilia nzi ambaye funza wake huishi tumboni mwa farasi. Funza yule ana himoglobini, na Keilin alitaka kujua inapotelea wapi akishakuwa nzi kamili. Alipoitazama misuli ya nzi kwa hadubini iliyofungwa kifaa cha kuchambua mwanga, akaona mistari minne myeusi ambayo haikuwa ya himoglobini hata kidogo. Akaikuta kwa wadudu wengine. Akaikuta kwenye hamira.

Hamira, hii hii ya maandazi.

Kilichofuata ningetamani kila darasa la biolojia lioneshwe. Unakoroga hamira kwenye maji, unaiweka kwenye kichupa, unakiacha kitulie. Mistari minne inaonekana wazi. Unakitikisa kichupa mpaka hewa ichanganyike. Mistari inafifia na kutoweka. Unakiacha tena. Hamira inaimaliza oksijeni iliyoingia, na mistari inarudi. Tikisa, inapotea. Acha, inarudi. Hayo ni mapigo ya upumuaji wa seli, unayatazama bila kuua kiumbe chochote.

Kisha Keilin akatia sianidi. Mistari ikabaki palepale. Ukitikisa, hewa inaingia kwenye maji, na mistari haijali.

Mistari hiyo ni protini zenye chuma ndani yake, ambazo Keilin aliziita saitokromu kwenye makala yake ya 1925. Zikiwa zimebeba elektroni, zinaonekana. Zikishazikabidhi kwa oksijeni, zinafifia. Kubaki kwa mistari baada ya sianidi maana yake saitokromu zimejaa na hakuna anayezipokonya mzigo. Chakula kinaendelea kuzishindilia elektroni kwa nyuma, na mbele kumefungwa.

Kwa haki, mistari hii ilishaonwa miaka 40 kabla. Charles MacMunn, daktari wa Wolverhampton aliyekuwa akifanya utafiti baada ya kuona wagonjwa, aliitangaza katika miaka ya 1880. Felix Hoppe-Seyler, mkemia mwenye jina kubwa Ujerumani, akasema hiyo ni himoglobini iliyoharibika, na mambo yakaishia hapo. MacMunn alifariki mwaka 1911 bila kusafishwa jina. Mkubwa akishasema, kuna watu huacha hata kuchungulia.

## Dakika chache

Sasa kauli ya mama inaanza kuwa na mwili.

Kimeng'enya cha mwisho kwenye msururu ule, saitokromu oksidesi, ndicho kinachotumia zaidi ya asilimia 90 ya oksijeni yote tunayoivuta. Kinaishika oksijeni kati ya atomi ya chuma na ya shaba, kinaipa elektroni 4 na protoni 4, kinatoa maji. Sianidi inakwenda kukalia chuma kilekile. Elektroni zinakosa pa kwenda, walio nyuma hawawezi kutua mizigo yao, mzunguko wa Krebs unasimama, na sukari inayoingia inavunjwa kwa ile hatua ya awali tu, isiyohitaji oksijeni.

Hatua ile inaleta molekuli 2 za ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya kufanyia kazi ndani ya seli, kwa kila glukosi. Njia kamili inaleta karibu 30.

Wapo wanaoridhika na 2. Hamira ikifungiwa bila hewa inaishi hivyo na kutupa pombe. Chembe nyekundu za damu nazo hazina kabisa mitokondria, vile vyumba vidogo vya seli ambamo njia kamili hufanyika. Zinabeba oksijeni maisha yao yote na haziionji. Moyo na ubongo haviwezi. Na hakuna ghala la ATP la kuvivusha. Mtu mzima hutengeneza na kutumia kwa siku ATP inayokaribia uzito wa mwili wake mzima, lakini kwa wakati wowote ule aliyonayo haizidi robo kilo. Kila molekuli inajazwa, inatumika, inajazwa tena, mamia ya mara kwa siku. Ukisimamisha kujaza, kilichopo ni cha muda mfupi mno.

Ndiyo sababu mafuta ya kukaa wiki kadhaa hayakusaidii kitu.

## Jumba la Cornwall

Ilibaki pengo moja ambalo lilinikera kuliko mengine. Elektroni zinashuka kutoka kwenye chakula hadi kwenye oksijeni, sawa. Zinaposhuka zinatoa nishati, sawa. Lakini nishati hiyo inaingiaje kwenye ATP, wakati ATP inatengenezwa na kimeng'enya kingine kabisa, ambacho hakizigusi elektroni hizo?

Wakemia walipoteza muda mrefu wakitafuta molekuli ya katikati, mjumbe wa kuitoa nishati huku na kuifikisha kule. Hakupatikana. Mwaka 1961 Peter Mitchell akaandika kwamba hakupatikana kwa sababu hayupo. Elektroni zikishuka, alisema, zinasukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando wa mitokondria kwenda wa pili. Protoni zinarundikana. Tofauti hiyo ya pande mbili ndiyo nishati yenyewe iliyohifadhiwa, na protoni zikirudi kupitia mlango maalumu, ATP inatengenezwa. Ni maji ya Ruaha Mkuu pale Mtera: hakuna kinachotoka kwenye mvua kikaenda kwenye nyaya za umeme, kuna maji yaliyopandishwa juu yanayotafuta njia ya kushuka, na mashine imewekwa kwenye njia hiyo.

Wengi walimwona anapiga porojo. Naye alikuwa na vidonda vya tumbo. Mwaka 1963 akaacha kazi Edinburgh, akahamia Glynn House, jumba bovu karibu na Bodmin huko Cornwall, akasimamia ukarabati, akafuga ng'ombe wa maziwa, na humohumo akafungua maabara ndogo na mwenzake Jennifer Moyle. Majirani wa kitaaluma waligombana naye kwa zaidi ya miaka kumi.

Napenda jaribio lililowanyamazisha wengi wao. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius walitengeneza viputo vidogo vya mafuta ya soya. Ndani ya ukuta wa viputo wakatia protini ya kijidudu cha maji ya chumvi, ambayo kazi yake ni kusukuma protoni ikipigwa na mwanga, na kimeng'enya cha kutengeneza ATP kilichotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Soya, kijidudu cha chumvi na ng'ombe: viumbe ambavyo havina mjumbe wowote wa kushirikiana. Wakawasha taa. ATP ikatengenezwa.

Mitchell alipewa Nobeli peke yake mwaka 1978. Na ule mlango wa protoni ukaja kugundulika kuwa unazunguka kweli, si kwa lugha ya picha. Mwaka 1997, mwaka uleule Paul Boyer na John Walker walipopata Nobeli kwa kueleza utendaji wake, watafiti wa Japani waliubandika uzi wa protini unaong'aa, wakauona kwa hadubini ukizunguka mbele ya macho yao.

## Vidonge vya kukonda

Kama bado unaona habari ya utando ni anasa ya vitabuni, kuna watu walioijaribu kwa miili yao bila kujua.

Mwaka 1933 Maurice Tainter na wenzake wa Stanford walitangaza dawa ya kupunguza unene, dinitrofenoli. Ilikuwa ni kemikali ya viwanda vya mabomu. Wafanyakazi wa Ufaransa walioishika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wakikonda, wakitokwa jasho, wengine wakifa. Tainter mwenyewe alikadiria kwamba Wamarekani 100,000 walishaitumia kwa muda mfupi. Walikonda kweli. Wapo waliopofuka kwa mtoto wa jicho, na wapo waliokufa kwa joto la miili yao wenyewe. Sheria ya 1938 ndiyo iliyoifukuza sokoni.

Kemikali hiyo hupenya utando na kuvusha protoni kinyemela, bila kupita kwenye mlango. Elektroni zinashuka kwa kasi, oksijeni inatumika, mafuta yanateketea, lakini hakuna kinachorundikana, kwa hiyo ATP haipatikani. Nishati yote inatoka ikiwa joto tupu. Kwa sianidi mtu anakufa njia imeziba. Kwa dinitrofenoli anakufa njia imetoboka. Wote wawili wameshiba, wote wawili wanahema.

Tena mwili una toleo lake la heri. Mtoto mchanga ana mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni, yenye protini inayovujisha protoni kwa makusudi na kwa kipimo, ili apate joto kabla hajajua kutetemeka.

## Nishati ni ya nani?

Hapa ndipo nilipoanza kubishana na mazoea yangu ya kusema. Tunasema wanga unatia nguvu. Tunasema asali ina nguvu, ugali wa dona una nguvu kuliko sembe. Nguvu tumeiweka ndani ya chakula, oksijeni tumeifanya kibarua wa kuifungulia.

Lakini kuna takwimu moja inayokataa kukaa vizuri na usemi huo. Pima oksijeni mtu anayotumia, na kwa kila lita utapata karibu kilokalori 5. Akitumia wanga ni 5 na kidogo. Akitumia mafuta ni takriban 4.7. Protini nayo iko hapohapo jirani. Vyakula vinatofautiana vibaya sana kwa gramu, mafuta yanazidi wanga zaidi ya mara mbili, lakini ukipima kwa lita ya oksijeni karibu vyote vinakuwa sawa. Mtu mzima aliyekaa tu anatumia robo lita kwa dakika. Zidisha, unapata karibu kilokalori 1,800 kwa siku bila kumuuliza amekula nini.

Klaus Schmidt-Rohr, mkemia wa Marekani, alilieleza hili mwaka 2015 kwa namna iliyonikaa. Vifungo vya atomi ndani ya sukari au mafuta si dhaifu kuliko vifungo vya kawaida. Kifungo kilicho dhaifu kupita kiasi, ukilinganisha na vinavyokuja baadaye, ni kile kinachoshikanisha atomi mbili za oksijeni. Kikiachiwa na atomi zikashikana na hidrojeni, ndipo nishati inapofumuka. Mwenye mali, kwa hesabu hiyo, ni hewa.

Nilisita. Bila chakula oksijeni nayo ipo tu, imetuzunguka, haitupi kitu. Nishati iko kwenye umbali kati ya hivyo viwili, na kuuliza ni ya nani kati yao ni kuuliza mteremko ni wa juu au wa chini. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua nani tumemnyima sifa zake, ni oksijeni.

Lifson, yule wa panya, hakuishia kwenye swali lake. Kwa kuwa oksijeni ya hewa ukaa inalingana na ya maji ya mwili, alitambua kwamba ukimnywesha mtu maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito, hidrojeni itatoka na maji peke yake, oksijeni itatoka na maji na pia na hewa ukaa. Tofauti ya kasi inakupa hewa ukaa aliyoitoa, na hiyo inakupa nishati aliyotumia, huku yeye anaendelea na shughuli zake. Njia hiyo ndiyo iliyowafikia Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, waliwapima watu wazima 30, na mwaka 2012 wakachapisha jibu ambalo bado linabishaniwa mezani: watu wanaotembea, kuchimba mizizi na kuwinda kutwa nzima walitumia nishati inayolingana na ya wakazi wa mijini wa Ulaya na Marekani, ukizingatia ukubwa wa mwili. Yote hayo yamesomwa kutokana na maji 6 ambayo sisi tunayafuta ubaoni.

## Kazi ya kuukuna

Muhogo hauna sianidi iliyokaa tayari. Una linamarini, sukari iliyofungwa na sianidi, na seli huiweka kwenye kifuko chake cha ndani. Kimeng'enya cha kuifungua kimewekwa nje, kwenye ukuta wa seli. Havikutani mpaka seli ipasuke. Mdudu akitafuna, vinakutana. Ukikuna kwenye bati lenye misumari, vinakutana kwa wingi, na hapo ndipo unapotaka vikutane, kabla ya kufika tumboni, kwa sababu sianidi ikishafunguka huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi na kuondoka na upepo. Jua la Muheza linatosha na kubaki.

Hii inaeleza kwa nini kukatakata vipande vikubwa na kuvianika tu hakusaidii inavyodhaniwa: seli nyingi zinakauka nzima na linamarini yake ndani. Kuloweka na kuvundika kunalainisha na kupasua. Aina chungu huweza kuwa na zaidi ya miligramu 100 za sianidi kwa kilo moja, kwa hiyo siku za kuloweka si mapambo.

Mwili nao una njia yake ya kujitetea kwa dozi ndogo. Unaigeuza sianidi kuwa kitu chepesi kinachotoka na mkojo, ila kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini: maharage, samaki, dagaa. Ukame unapokuja, mambo yote yanaharibika pamoja. Muhogo unazidi uchungu, njaa inafupisha siku za kuloweka, na kitoweo kinakosekana. Wilayani Tarime mwaka 1985 yalitokea hayo, na watu, hasa watoto na wanawake, walianza kupooza miguu ghafla. Ugonjwa huo ni konzo, ulioandikwa kwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Miguu iliyokakamaa hairudi tena.

Kwa wenye unga tayari na mashaka nao, Howard Bradbury wa Australia alieneza njia rahisi: lowesha unga, utandaze uwe mwembamba, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha songa ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichobaki kinamalizia kazi.

## Muhogo nao una mitokondria

Swali la mwisho lilinijia sokoni, na nashangaa lilichelewa. Muhogo wenyewe unapumua. Una mitokondria, una saitokromu oksidesi, una chuma kilekile. Kwa nini haujiui?

Kwanza, ni kwa sababu ya ule utengano wa kifuko na ukuta. Pili, mimea ina kimeng'enya cha ziada kinachopokea elektroni katikati ya msururu na kuzikabidhi kwa oksijeni bila kupitia pale sianidi inapokaa. Kinapoteza nishati nyingi ikiwa joto, lakini elektroni zinatoka.

Ila kwenye mzizi njia hiyo haitoshi. Kila muuza muhogo anajua: umechimbwa leo, kesho kutwa ukiukata unakuta michirizi ya rangi kati ya bluu na nyeusi, na hakuna anayeununua. Kwa miaka mingi ilionekana ni kuoza tu. Mwaka 2012 Tawanda Zidenga na wenzake, wakifanya kazi Marekani, walionesha kwamba muhogo unajikaba wenyewe. Jembe linaujeruhi mzizi, seli zinapasuka, sianidi inafunguka, saitokromu oksidesi za seli za jirani zinazibwa, na elektroni zilizokwama zinaanza kurukia oksijeni ovyo, zikizaa kemikali kali zinazochoma seli kutoka ndani.

Wakaongeza kwenye muhogo kile kimeng'enya cha njia ya pembeni, kutoka kwa mmea mwingine, kifanye kazi kwa wingi mizizini. Mizizi ikachimbwa, ikajeruhiwa kama kawaida, sianidi ikafunguka kama kawaida, na ikakaa zaidi ya wiki bila michirizi. Sianidi haikuondolewa. Elektroni zilipewa tu pa kutokea.